Bakuli Jeupe la Mwaija

Baba yangu, Mdoe, aliuawa na adabu. Nasema hivyo nikijua kuna watu wa ukoo watakaonuna, na wakinuna wanune. Daftari la reli liliandikwa homa. Waliomzika walisema siku zake zilikuwa zimefika. Lakini mimi nililelewa na bibi yangu mzaa mama, Mwaija, na yeye hakuwahi kunitajia homa wala siku. Alisema, "Tulimheshimu mpaka akafa," kisha akaendelea na kazi aliyokuwa nayo mkononi.

Bibi Mwaija alikuwa muumishi wa Kwedizinga, yaani mtu wa kuwaumika wagonjwa damu kwa pembe. Kazi aliirithi kwa mama yake, pamoja na pembe tatu za ng'ombe, kijembe kimoja na bonge la nta. Mwenye kichwa kinachogonga au bega lililokufa ganzi alikwenda kwake. Alimkanda mgongo kwa maji ya moto, akaibandika pembe, akavuta hewa kwa mdomo kupitia tundu dogo la nchani, akaliziba kwa nta. Ngozi ikishavimba ndani ya pembe aliibandua, akachanja chale ndogo ndogo, akairudisha pembe ivute damu. Mishipa ya watu aliijua kama wengine wanavyojua njia za shambani. Mshipa wa kiwiko hakuugusa. Mishipa ya miguu iliyovimba na kujikunja, ile wanayoipata wanawake waliozaa sana, alikataa kabisa kuichanja, maana ukiipasua haifungi upesi. Mtu akija na mtoki kinenani, yeye alitafuta kwanza kidonda cha mguuni kilichouleta. Na akiona mstari mwekundu unapanda mkono kutoka kwenye kidole kilichotunga usaha, mzaha wote uliisha. Alisema usaha huo umeshashika njia ya moyoni.

Kilichomtofautisha na waumishi wengine ni bakuli. Lilikuwa bakuli jeupe la kaure, lenye mstari wa buluu ukingoni, alilouziwa na mchuuzi aliyepanda kutoka pwani. Hakuna aliyewahi kula chakula ndani yake. Kila mgonjwa, kabla pembe haijamgusa, alikabidhiwa bakuli aende nyuma ya nyumba akojoe, alirudishe. Bibi alitoka nalo juani, akaliinamisha huku na huku. Mkojo wa mawingu wenye kunuka, ambao mwenyewe analia akiutoa, alisema kibofu kimetunga. Mkojo wa mapovu yasiyokatika, na mwenyewe anaamka uso umevimba, alisema figo zimechoka. Na mkojo mweusi kama kahawa ulikuwa na amri yake peke yake, amri ya mama yake: damu ikishajitoa yenyewe chini, usiitoe tena juu.

Mtu wa mkojo mweusi hakuumikwa. Alilazwa asisogee, akanyweshwa maji na uji mwepesi mchana kutwa. Na tangu Wajerumani walipoanza kugawa kwinini, bibi aliongeza la kwake: mtu huyo asipewe dawa hiyo, kwa sababu alikuwa ameona wawili walioimeza jioni wakakojoa weusi asubuhi. Mmoja alipona. Wanakijiji walimwita Bi Bakuli, naye alicheka nao. Wazee wazima, wenye ndevu zao, walipokea bakuli wakaenda nalo nyuma ya nyumba kimya kimya. Hata mwalimu wa chuo cha Kurani alikwenda. Bibi alisema ugonjwa hauna mwalimu.

Mtu mmoja tu hakuweza kumpa bakuli, naye ndiye aliyelihitaji.

Baba alikuwa Msambaa wa milimani, juu ya Kwashemshi, ambako kuna baridi na mbu ni wachache. Ardhi ya kwao ilikuwa imegawanywa mpaka haigawanyiki tena, akateremka kutafuta maisha. Akamwoa mama yangu, Chausiku, akajenga Kwedizinga karibu na wakwe. Wazigua wa hapo wakamtania tangu siku ya kwanza. "Mbu wa huku wamesikia harufu ya mgeni," walimwambia, "wamealikana." Walikuwa wanacheka, lakini ilikuwa kweli. Homa ambayo mtu wa Kwedizinga aliiuguza siku mbili akiendelea kulima, yeye ilimwangusha wiki nzima.

Na yeye na bibi, kama ada ilivyotaka, hawakuwahi kutazamana usoni. Wakikutana njiani bibi aliingia majanini, akampa kisogo mpaka apite. Hawakula mmoja mbele ya mwenzake. Hawakutajiana majina. Mkwe ni mkwe. Miaka mitatu waliishi hatua arobaini kutoka mlango hadi mlango, na bibi aliniambia sauti ya baba aliijua, lakini uso hakuujua vizuri mpaka siku ya kufa kwake. Mimi adabu siipingi, nimelelewa nayo, na wanangu nimewafundisha. Lakini adabu haina macho. Ukiiachia ishike usukani peke yake itakupeleka shimoni, nayo imeinamisha kichwa kwa heshima.

Mwaka huo reli ilikuwa imeshafika Korogwe na watu walikuwa wanaisukuma kwenda Mombo. Baba alipata kazi ya kubeba mataruma ya kulazia reli, akawa analala Manundu, hapo Korogwe, kwenye vibanda vya wafanyakazi na kurudi nyumbani mwezi ukiandama. Kila wiki waligawiwa vidonge vya kwinini. Watu wengi walivitema, ni vichungu. Baba hakuvitema, ila hakuvimeza pia. Alivifunga kwenye pindo la shuka, akiba ya siku ya homa, kama mtu anavyoweka mbegu. Homa ilipompata njiani akirudi Kwedizinga, alivitafuna vyote kwa pamoja. Vilikuwa vitano.

Alifika akitetemeka mpaka meno yanagongana. Kesho yake mama akamwita bibi.

Mama yangu alinisimulia habari ya chumba kile mara moja tu maishani, nami nilikuwa nimeshazaa. Ilikuwa asubuhi. Baba alilala kifudifudi kwenye kitanda cha kamba, uso ameugeuzia ukutani, shuka limemfunika kutoka kisogoni hadi visiginoni. Bibi aliingia amejitanda kaniki mpaka machoni, akakaa nyuma yake. Mama, na mimba yangu ya miezi sita, akakaa kati yao. Chumba chenyewe ukinyoosha miguu unagusa ukuta wa pili.

"Chausiku," bibi akasema, "mwulize mkwe homa imeanza lini."

"Mama anauliza homa imeanza lini."

"Mwambie mama, juzi baada ya adhuhuri."

"Anasema juzi, baada ya adhuhuri."

"Mwulize anaumwa wapi."

"Mwambie mama, kiuno. Kiuno na chini ya mbavu, nyuma."

Kila mmoja alikuwa amesikia kila neno kabla halijazungushwa. Kiuno na chini ya mbavu, nyuma, ndipo figo zilipo, na bibi alijua. Bakuli lilikuwa kwake, juu ya kichanja, hatua arobaini. Alikuwa ameliacha makusudi, kwa sababu kumshikisha mkwe bakuli ni sawa na kumvua nguo. Mwishowe akauliza kwa njia ya heshima.

"Mwulize, huko nje anakokwenda, kupo salama?"

Baba alielewa. Kwedizinga nzima hakukuwa na mtu asiyejua swali la Bi Bakuli. Na alfajiri ile ile, nyuma ya migomba, alikuwa ameuona mkojo wake mwenyewe umeingia ardhini mweusi. Mama naye jana yake alikuwa amefua shuka lake na kuona doa lisilotoka. Mama akafumbua mdomo. Baba, chini ya shuka, akamshika mama kidole cha mguu, akakibana.

"Mwambie mama, kupo salama."

"Anasema kupo salama," mama akasema.

Bibi akabandika pembe zote tatu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo kila mtu anaijua, na watatu wale waliijua kabla yangu. Bibi alichanja, akarudisha pembe, akangoja. Alipoibandua ya kwanza, damu haikuwa damu. Ilikuwa nyepesi, kama maji yaliyooshewa nyama, na ilikuwa haigandi. Bibi aliing'oa ya pili na ya tatu bila kungoja, akabana chale kwa kiganja.

"Chausiku. Mkojo wa mumeo ukoje?"

"Mweusi, mama. Tangu jana."

Bibi hakumgombeza. Aliniambia hakuwa na haki ya kumgombeza, kwa sababu alikuwa na macho yake na bakuli lake, na vyote viwili alikuwa ameviacha nyumbani.

Chale zilivuja mpaka adhuhuri. Bibi alizijaza majivu na utando wa buibui, zikavuja. Amri ya mama yake ilisema mtu huyo asisogezwe, lakini sasa alikuwa anatoka damu juu na chini, na huko Korogwe reli ilikuwa na kituo cha matibabu. Akachagua. Mhina na Semboja, majirani, wakatafuta wenzao wawili, wakakinyanyua kitanda na baba juu yake. Mama alitembea ubavuni akimnywesha maji kwa kata. Bibi alitembea hatua ishirini nyuma, bado amejitanda, safari hii bakuli liko kwapani.

Walikwenda siku hiyo na nusu ya siku ya pili. Njiani baba alikojoa mara moja, na mama akampelekea bibi bakuli. Kahawa, na povu juu yake. Tangu hapo mpaka wanavuka mto Pangani kwa mtumbwi, na mpaka wanafika Manundu, hakukojoa tena, na maji alikuwa anayanywa. Macho yake yalikuwa yamekuwa ya njano. Akaanza kwikwi. Semboja, ambaye alizoea kumtania kila siku, alijaribu kumwambia kuwa kwao milimani kuna mtu anamtaja ndiyo maana ana kwikwi. Hakuna aliyecheka, na Semboja mwenyewe akatazama pembeni.

Kwenye kituo walimkuta msaidizi wa daktari aitwaye Habakuki, kijana wa Kisambaa aliyesoma misheni. Daktari mwenyewe alikuwa akija kwa treni kutoka Tanga mara moja kwa wiki, na alikuwa ameondoka jana yake. Habakuki alimgeuza baba, akaona mgongo.

"Nani amemwumika mtu huyu?"

"Mimi," bibi akasema kutoka mlangoni.

"Hukuuliza mkojo wake, mama?"

"Ni mkwe wangu, mwanangu."

Habakuki alikuwa Msambaa, naye alikuwa na mkwe. Akaenda kuchemsha vyombo vyake.

Alifanya alichofundishwa. Alitafuta mshipa kwenye kiwiko ili amtie maji ya chumvi, lakini mishipa ilikuwa imelala, haionekani wala haishikiki. Akamchanja kidogo, akautafuta kwa ncha ya kisu, akaupata, akaingiza sindano na maji yakateremka polepole kutoka kwenye chupa iliyoning'inizwa. Bibi alitazama jambo hilo kwa mshangao wa fundi. Maisha yake yote alikuwa akitoa kwenye mishipa. Hakuwahi kumwona mtu anatia.

Siku ya pili tumbo halikuwa limejaa na mkojo haukuwa umetoka. Habakuki akaleta mrija mwembamba wa mpira, uliochemshwa na kupakwa mafuta, akawaomba wanawake watoke. Mrija huo unapitishwa njia ya mkojo mpaka kwenye kibofu, kuufungulia mkojo uliozuiwa. Mama na bibi walisimama nje ya ukuta. Walisikia baba akiguna, kisha Habakuki akivuta pumzi. Alitoka na mrija mkononi. Ulikuwa mkavu.

"Kibofu ni kitupu," akamwambia bibi. "Haukuzuiwa. Hautengenezwi. Figo ni kung'uto la kuchujia, mama. Damu yake imevunjikavunjika, machicha yameziba kung'uto, na tui halipiti."

"Na kung'uto hilo halioshwi?"

"Mara nyingine linajiosha lenyewe, akiwahi kulazwa, akinywa maji, damu ikiwa bado imebaki ya kutosha."

Aliposema damu imebaki ya kutosha alitazama chini. Bibi alisema afadhali angemtukana.

Siku ya tatu pumzi ya baba ilinuka mkojo. Siku ya nne chale za mgongoni zilianza kutunga usaha, na bibi, aliyekuwa akifuta kijembe chake kwa majivu na kaniki miaka yote, alijua usaha ule umetoka kwake. Baba alisinzia, akaamka, akaongea Kisambaa na watu wasiokuwepo. Mara moja akili ilimrudia. Akamwambia Habakuki aliuona ule weusi nyuma ya migomba, na aliogopa mama mkwe angeletewa habari ya mkojo wake na kijiji kizima kingemcheka. Akasema alidhani utaisha wenyewe.

Asubuhi ya siku ya tano bibi aliingia ndani bila kujitanda. Akakaa kichwani kwake, akamfunua shuka, akamtazama.

"Mdoe," akamwita kwa jina.

Baba alifumbua macho, akamwona, na alichofanya ni kujaribu kuvuta shuka afunike uso. Mkono haukufika. Akafa kabla ya jua kusimama.

Msibani watu walisema mganga hajigangi, na watani walifanya kazi yao ya kuchekesha wafiwa, lakini hata wao walilikwepa jambo la bakuli. Mimi nilizaliwa mwezi wa tatu baada ya hapo. Mama hakunyonyesha vizuri. Bibi aliacha pembe mwaka mzima, akawa analima tu. Aliporudia kazi alirudi na chungu cha kuchemshia vyombo, kwa sababu alikwenda Korogwe kwa miguu kumwomba Habakuki amfundishe, na Habakuki alimfundisha. Pembe zikichemshwa zinapasuka upesi. Alizipasua nyingi, akatafuta nyingine. Na kila mgonjwa aliyekuja, awe nani, alipewa bakuli. Hakukuwa tena na kicheko katika kulitoa. Watu walianza kumwogopa kidogo.

Mwaka wa saba baada ya msiba mama yangu akaolewa tena. Mume alikuwa Sadala, mkulima wa hapo hapo Kwedizinga, mtu mpole, mpenda kunyamaza. Nilimpenda, nasema kweli. Ndiye aliyenichongea mwiko wangu wa kwanza. Mama alianza kuimba akitwanga.

Masika hayo Sadala akashikwa na homa na kiuno. Mama hakumwita bibi. Bibi alisikia kwa majirani, akaja mwenyewe, kichwa wazi, bakuli mkononi, akapita mlango wa chumba cha mkwe wake mchana kweupe.

"Mkwe," akasema, "kojoa humu nione."

Sadala akageukia ukutani. "Chausiku, mwambie mama atoke."

"Chausiku asiambiwe kitu. Niambie mimi."

"Mama, nakuomba," mama yangu akasema. "Mimi nimeona. Ni mzuri. Nakuapia ni mzuri."

"Hata mara ile uliniambia hivyo," bibi akajibu.

Akakaa chini, miguu ameinyoosha, bakuli mbele yake. Jua likapanda. Majirani wakajikusanya uani, wengine wakiita astaghfirullah, wengine wamekuja kuona tu. Sadala alilia. Mtu mzima alilia, uso ukutani, na bibi hakusogea. Adhuhuri ikaadhiniwa. Mwishowe mkono ukatoka chini ya shuka ukapokea bakuli, na baada ya muda ukalirudisha.

Bibi akatoka nalo juani. Mkojo ulikuwa wa njano, mwepesi, safi, kama wa mtoto. Alilitazama bakuli muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachemsha pembe, akamwumika, na siku ya nne Sadala alikuwa shambani.

Wiki ya tatu akamwandikia mama talaka. Alisema hana ugomvi na Chausiku, mke mwema, ila hawezi kukaa mahali ambapo mama mkwe ameshika mkojo wake mbele za watu. Hata akienda msikitini anahisi wanamtazama kiunoni. Akakunja mkeka wake, akachukua jembe, akaaga kwa adabu kila mlango isipokuwa mmoja.

Mama alikaa chini uani akalia kwa sauti.

"Haukuwa hata mweusi, mama," akasema. "Umenivunjia nyumba, na haukuwa hata mweusi."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Sadala alikuwa ameshaanza kupanda kilima cha njia ya Handeni, jembe begani, haangalii nyuma.

"Mwache aende," bibi akasema. "Si unaona anakwenda kwa miguu yake."